Mgeni Apigapo Hodi na Biblia Mkononi

Umerudi shambani, jembe bado begani, na mlangoni wamesimama watu wawili wenye Biblia. Wataka kukufundisha dini yao. Je, utafanyaje?

Jambo hili si jipya kwetu Ufipa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wahubiri waliotumia jina la Watchtower, kama Hanoc Sindano, walifundisha ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo leo Zambia, na mafundisho yao yakavuka mpaka yakaingia Ufipa. Hata Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885 walikuwa wageni. Wazee wetu wasingaliwasikiliza, leo tungalikuwa wapi?

Basi, kwanza, mpe mgeni kiti na maji. Usimtukane, wala usimwachilie mbwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe wala asizuiwe katika mambo ya dini.

Pili, usione haya kusema kwamba wewe ni Mkatoliki. Akikuuliza neno usilolijua, usibuni jibu. Mwambie utamwuliza katekista, kisha kamwulize kweli. Na kama kazi imekubana, si dhambi kumwambia kwa upole aje siku nyingine.

Tatu, mwanao akifuata dini nyingine, usimfukuze nyumbani wala usimnyime chakula. Mlango uliofungwa kwa hasira ni vigumu kuufungua tena.

Lakini kuna swali zito zaidi. Mjane aliyelala mgonjwa wiki tatu, akatembelewa na wahubiri wale tu, tutamlaumu akiwafuata? Sisi Wakatoliki tulikuwa wapi? Mara nyingi jirani husikia hodi yetu wakati wa michango tu. Ndiyo maana viongozi wa jumuiya wakionekana njiani, wengine hujificha ndani, au humtuma mtoto aseme, "Baba hayupo."

Daktari Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani utotoni, alikuwa katekista na mganga wa Karema. Aliwatibu watu zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Naye Edel Quinn, binti wa Ireland, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1936 kueneza Legio ya Maria, ambayo watu wake huenda wawili wawili nyumba kwa nyumba. Alikuwa na kifua kikuu, lakini hakuacha kazi mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1944.

Nawe juma hili chagua nyumba moja. Nenda jioni, watu wakiisha kurudi shambani. Usichukue daftari la michango. Uliza hali ya mgonjwa, mchotee maji, sali naye akipenda. Usipokaribishwa, aga kwa heshima, urudi siku nyingine.