Usiache dawa za presha kwa sababu ya saa

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, Dandora na Embakasi, saa za mkononi zinazounganishwa na simu zimekuwa jambo la kawaida. Wachuuzi huzitandaza kando ya barabara karibu na soko la Mutindwa, na wenye maduka ya Luthuli Avenue huziuza kwa bei ambayo hata kijana wa kibarua anaweza kuimudu.

Saa hizi haziishii kutaja wakati. Mwuzaji atakuambia kwamba zinapima mapigo ya moyo, presha, oksijeni iliyo katika damu, usingizi, na siku hizi hata sukari. Yote hayo bila sindano, bila foleni na bila kumlipa daktari.

Hapo ndipo penye matatizo. Sisi madaktari wa mitaani tunawapokea wagonjwa wanaotuonyesha kifundo cha mkono badala ya kadi ya kliniki. Baadhi yao wametumia dawa za shinikizo la damu kwa miaka mingi, kisha wakaziacha kwa kuwa saa iliwaambia presha yao ni 118 kwa 76. Mgonjwa huyo huyo akifungwa mkanda wa hewa, huonyesha 170 au 180 kwa 110.

Shinikizo la damu halina maumivu. Mtu huweza kuishi nalo miaka kumi akiendelea na shughuli zake, hadi siku anapopooza upande mmoja au figo zinapokataa kufanya kazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa hivyo chombo chochote kinachowafanya watu waijali presha yao kinastahili kukaribishwa. Lakini ni lazima tujue kile ambacho saa inapima na kile ambacho inabahatisha tu.

Igeuze saa yako utazame mgongo wake. Utaona taa ndogo za kijani zinazomweka. Damu, kwa kuwa ni nyekundu, hufyonza mwangaza wa kijani. Moyo unapopiga, damu nyingi zaidi hupita chini ya ngozi na mwangaza unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo moja na jingine, mwangaza huo huongezeka tena. Kihisio kilichoko kando ya taa hizo huhesabu kupanda na kushuka huko, na hayo ndiyo mapigo ya moyo wako kwa dakika.

Si uganga, wala si jambo geni. Mtaalamu Mmarekani, Alrick Hertzman, alieleza mbinu hii ya kutumia mwangaza katika miaka ya 1930. Kilicho kipya ni kwamba vifaa vimekuwa vidogo na bei imeshuka.

Kwa kazi hii moja, saa iliyotengenezwa vizuri haifanyi vibaya. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichunguza aina saba za vifaa vya mkononi kwa kuwavisha watu 60. Sita kati ya hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia tano. Kuhusu kalori zinazotumiwa na mwili mambo yalikuwa tofauti kabisa: kifaa kilichokaribia ukweli zaidi kilikosea kwa asilimia 27, na kilichoshindwa zaidi kwa asilimia 93. Anayejiongezea chapati jioni kwa sababu saa imemwambia amechoma kalori 600 anajidanganya.

Hatua nazo huhesabiwa kwa kihisio kingine kinachofuatilia mtikisiko wa mkono, na si miguu. Ndiyo sababu anayefua nguo au kukanda unga huweza kupata hatua mamia kadhaa bila kuondoka uani, na abiria wa matatu katika barabara yenye mashimo naye hapungukiwi. Hata zile hatua 10,000 zinazosifiwa kila mahali hazikutoka kwa madaktari. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa nchini Japani katika miaka ya 1960. Kutembea ni kuzuri, hata kama ni hatua 6,000.

Kipimo cha mapigo ni cha kuaminika zaidi ukiwa umetulia kuliko ukikimbia. Mkanda uliolegea, jasho, baridi ya Julai inayobana mishipa, na hata michoro ya wino iliyochanjwa kwenye ngozi chini ya saa, vyote huvuruga mwangaza.

Je, na rangi ya ngozi? Hilo ni swali ambalo kila Mwafrika anapaswa kuuliza, kwa kuwa weusi wa ngozi hufyonza mwangaza pia. Kuhusu mapigo ya moyo, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka wa 2020 haukupata tofauti kubwa kati ya watu weusi na weupe. Kuhusu oksijeni, habari si njema. Mwaka huo huo wa 2020, madaktari wa Michigan walitangaza kwamba kifaa cha hospitali kinachobana kidole kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kinakosea hivyo, nambari ya oksijeni inayotolewa na saa ya Sh2,000 haifai kumtuliza mtu anayehema kwa shida. Mwenye nimonia au pumu aende hospitali kwa sababu anahema, si kwa sababu saa imeruhusu.

Sasa turudi kwa presha, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Mapigo ya moyo ni hesabu. Presha ni nguvu, yaani jinsi damu inavyosukuma kuta za mishipa. Tangu Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipotengeneza mkanda wa hewa mwaka wa 1896, njia ya kuipima haijabadilika sana. Mkanda hujazwa hewa na kuubana mshipa mkubwa wa mkono hadi damu ikome kupita, kisha hewa hupunguzwa polepole. Kiwango ambacho damu huanza kupenya ndicho nambari ya juu, na kile ambacho mshipa huwa haubanwi tena ndicho nambari ya chini.

Saa ya kawaida haina mkanda wa hewa. Haibani chochote. Inachofanya ni kutazama umbo la wimbi la damu kwa zile taa za kijani, ikaongeza umri, urefu na jinsia uliyoijaza kwenye simu, kisha ikakisia. Makisio hayo hupenda kuelekea kwa mtu wa wastani, na mtu wa wastani ana 120 kwa 80. Ndiyo maana saa za bei rahisi humsifu karibu kila anayezivaa. Aliye na presha nzuri huambiwa ukweli kwa bahati, na mgonjwa hudanganywa.

Ukitaka kuhakikisha, ifunge saa yako kwenye ndizi. Usishangae ikikupa mapigo ya moyo, kwani hata saa za bei ghali huweza kubabaishwa na mwangaza unaorudi kutoka kwa kitu kisicho na uhai. Lakini ikikupa presha ya ndizi, basi umejua thamani ya nambari iliyokuwa ikikupa wewe.

Kampuni kubwa zenyewe hukiri ugumu huu. Samsung, ambayo saa zake hutoa nambari za presha katika baadhi ya nchi, humtaka mtumiaji ailinganishe saa yake na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Omron na Huawei zimetengeneza saa zenye mkanda unaojaa hewa kwenye kifundo cha mkono, na hizo ni jamii nyingine. Apple ilipata kibali nchini Marekani mwaka wa 2025 cha kumtahadharisha mvaaji kwamba huenda ana presha ya juu, baada ya saa kufuatilia mapigo yake kwa siku 30. Hata hiyo haitoi nambari. Anayepata onyo huelekezwa ajipime kwa mkanda kwa siku saba kisha amwone daktari.

Kuhusu sukari nitakuwa mfupi. Mnamo Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata saa ya namna hiyo anaweza kuzirai usiku na asiamke. Wasichanganywe na wale wanaobandika kwenye mkono kifaa chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, kikatuma nambari kwenye simu au saa. Hapo anayepima ni ule uzi, na saa ni kioo tu.

Nisionekane kama mpinzani wa teknolojia. Kuna jambo moja ambalo saa hizi zimelifanya na ambalo mimi kwa vifaa vyangu vya kliniki siliwezi, nalo ni kukaa na mgonjwa mchana na usiku. Kuna ugonjwa ambao moyo hupiga bila mpangilio, huja na kuondoka, na huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Mgonjwa akifika kliniki, mara nyingi moyo umeshatulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, saa za Apple zilifuatilia zaidi ya watu 419,000 nchini Marekani. Walioonywa ni takriban 2,100 tu. Miongoni mwa 450 waliovalishwa baadaye kifaa maalum cha kunasa umeme wa moyo, karibu thuluthi moja walipatikana na ugonjwa huo wakati huo. Kwa hivyo onyo kama hilo si hukumu, lakini lisipuuzwe. Hali kadhalika, ikiwa mapigo yako ukiwa umelala huwa 65 na wiki hii yamekuwa 90 bila sababu, huenda una homa inayokuja, upungufu wa damu au tezi iliyochangamka kupita kiasi. Njoo tupime.

Anayetaka kujua presha yake anunue mashine yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, unaotoshea unene wa mkono wake. Ajipime asubuhi na jioni kwa siku saba. Aketi dakika tano kwanza, mgongo umeegemea na miguu iko sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Nusu saa kabla ya hapo asinywe chai ya rangi wala kahawa, na asivute sigara. Apime mara mbili na kuandika zote. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi nyumbani ni sababu ya kumwona daktari. Ukifika 180 kwa 120, pamoja na maumivu ya kifua, kuona ukungu au mkono kulegea, nenda hospitali papo hapo.

Asiye na pesa za mashine asikate tamaa. Wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba walianza kupewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, ikiwemo mashine ya kupima presha na ya sukari. Muulize mzee wa mtaa wako ni nani anayehudumu kwenye ploti yenu.

Na yule ambaye tayari ameacha dawa kwa kuamini saa, aje kliniki na pakiti za dawa alizokuwa akitumia pamoja na hiyo saa, tuvilinganishe vipimo viwili mbele yake. Asimeze vidonge maradufu akidhani anafidia miezi iliyopita, kwa maana presha inayoshushwa kwa ghafla nayo huweza kumwangusha.