Marudio ya Songwe na Kabati la Mchunguzi wa Hataza

Katika wilaya ya Songwe, kuanzia Mkwajuni kuelekea Saza, dhahabu ya jiwe moja hutolewa mara mbili. Kwanza jiwe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni, na zebaki huchanganywa humo ili ikamate chembe za dhahabu. Njia hiyo ni ya haraka na haihitaji mtaji mkubwa, lakini mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu ndani ya mchanga. Mchanga huo ndio marudio, na kwa wenye vati, yaani matangi ya kuchenjulia, ndio mali yenyewe. Huchanganywa na chokaa, hujazwa kwenye vati, hunyweshwa maji yenye sayanaidi kwa siku kadhaa, kisha maji yanayochuruzika chini hupitishwa kwenye kaboni inayonasa dhahabu. Kaboni ikishiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, unaoitoa dhahabu kwenye kaboni. Kemia ya jambo hili inajulikana: sayanaidi haiyeyushi dhahabu bila oksijeni, na chokaa huwekwa ili maji yasielekee kwenye asidi, kwani yakielekea huko sayanaidi hugeuka kuwa gesi inayoua. Lakini chokaa kiasi gani kwa marudio ya udongo mzito, siku ngapi za kuloweka, na lini maji yaondolewe ili hewa ipenye, hayo huamuliwa vatini kwa uzoefu. Huo ni ujuzi halali, uliopatikana kwa majaribio na hasara. Kwa mtu anayechunguza maombi ya hataza, hata hivyo, ujuzi huo ni kama haupo, kwa sababu haujaandikwa mahali ambapo macho yake yanafika.

Kwa maoni yangu pengo hilo ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Mjadala wa hataza nchini huelekea zaidi upande mmoja: namna ya kuwasaidia wabunifu wetu wasajili. Upande wa pili, ule wa kuzuia mtu asijimilikishe kile ambacho wachenjuaji wamekuwa wakikifanya kwa miaka, hauzungumzwi sana. Na silaha pekee inayofaa upande huo ni karatasi yenye tarehe.

Hataza ni makubaliano kati ya mvumbuzi na umma. Anaeleza uvumbuzi wake wazi, na dola inampa kwa muda haki ya kuwazuia wengine wasiutumie bila ridhaa yake. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hataza, Sura ya 217, chini ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ulinzi huanza na miaka 10 na unaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara. Tangu mwaka 1999, hata hivyo, mwombaji anaweza pia kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la Afrika lenye makao Harare, kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Ombi moja linataja nchi kadhaa, wachunguzi wa Harare wanalipima, na nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Ikikaa kimya, inakuwa na nguvu. Kwa hiyo chekecheke linalotenganisha uvumbuzi wa kweli na ujuzi wa zamani uliovalishwa maneno mapya liko mikononi mwa mtu ambaye huenda hajawahi kuliona vati la Songwe.

Mtu huyo anauliza maswali matatu: je, jambo hili ni jipya, je, lina hatua ya uvumbuzi ambayo mtaalamu wa kawaida asingeifikia kirahisi, na je, linaweza kutumika viwandani? Ili kujibu, anafungua kabati la dunia la nyaraka, ambalo limepangwa kwa alama. Uchenjuaji wa metali uko chini ya C22B: namba 11 ni dhahabu, fedha na platini, namba 15 ni shaba, namba 59 ni metali adimu, na namba 7 ni metali zinazotolewa kwenye chakavu na mabaki badala ya mawe ghafi. Urejelezaji wa betri una makao yake kwingine, H01M 10/54. Ugumu wa fani hii ni kwamba uvumbuzi wake ni nadra kuwa kifaa cha kuonekana kwa macho. Mara nyingi ni namba: joto kati ya nyuzi hizi na hizi, asidi ya ukali fulani, saa kadhaa za kukoroga. Mwombaji anadai kipande cha namba ndani ya eneo ambalo wengine wameshalipita. Mchunguzi lazima aamue kama kipande hicho kina matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia, au ni kile ambacho fundi yeyote angekipata kwa kujaribu asubuhi na jioni. Uamuzi huo hauwezekani bila waraka wa awali wenye namba zake.

Sayanaidi yenyewe ndiyo iliyotoa mojawapo ya kesi kubwa za aina hii. Mwaka 1887, huko Glasgow, mkemia John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, waliomba hataza ya Uingereza kwa njia ya kutoa dhahabu kwenye mawe kwa maji ya sayanaidi. Wakati huo Ofisi ya Hataza ya Uingereza haikuwa ikitafuta kama uvumbuzi ni mpya. Ilikagua tu kama ombi limekamilika. Utafutaji wa nyaraka za awali uliingizwa na sheria ya mwaka 1902 na kuanza kutumika 1905. Hataza ilitolewa, ikafuatwa na nyingine ya kunasa dhahabu kwa vinyweleo vya zinki, na mwaka 1890 njia hiyo ilikuwa kazini katika mgodi wa Robinson, Witwatersrand, Afrika Kusini. Ilifika wakati mwafaka kabisa. Migodi ya huko ilikuwa imeshuka hadi kwenye mawe yenye salfa, ambayo zebaki iliyashindwa, na kijiji cha mahema kilichokuwa kikigeuka kuwa Johannesburg kilikuwa hatarini kufa. Sayanaidi ilikiokoa, na kampuni iliyoshika haki hizo, African Gold Recovery, ikawatoza wenye migodi mrabaha.

Wenye migodi hawakubisha kwamba njia ilifanya kazi. Walichofanya ni kwenda maktabani. Tangu 1840, familia ya Elkington ya Birmingham ilikuwa na hataza ya kupaka vyombo dhahabu kwa maji ya sayanaidi. Mwaka 1846 mkemia wa Kijerumani, Elsner, alikuwa ameandika kwamba oksijeni ndiyo inayoiwezesha sayanaidi kuyeyusha dhahabu. Mwaka 1867 Mmarekani Julio Rae alipata hataza ya kuchenjua mawe ya dhahabu kwa sayanaidi ikisaidiwa na umeme. Mwaka 1895 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliona madai ya MacArthur yamepanuka kupita kiasi, na ikabidi yapunguzwe hadi kwenye maji mepesi tu, yenye sehemu zisizozidi 8 za sianojeni kwa sehemu 1000 za maji. Mwaka uliofuata, 1896, mahakama ya Transvaal ilizibatilisha kabisa hataza za huko, na mrabaha ukakoma.

Mimi sioni kwamba MacArthur alikuwa mwizi wa ujuzi wa watu. Kugundua kwamba maji mepesi huichagua dhahabu na kuiacha nyuma sehemu kubwa ya metali nyingine, kisha kuligeuza hilo kuwa kiwanda, ilikuwa kazi kubwa, na wala Elsner wala Rae hawakuifanya. Kama ombi lake lingekutana na mchunguzi mwenye nyaraka mezani mwaka 1887, pengine angetoka na hataza nyembamba lakini imara, na wenye migodi wasingetozwa kwa kitu kipana kuliko alichokivumbua. Uchunguzi uliokosekana mwanzoni ulifanywa mwishoni na mawakili, kwa gharama ya miaka ya mivutano. Ila uliwezekana kwa sababu Elkington, Elsner na Rae walikuwa wameandika. Fundi wa kupaka dhahabu aliyejua mambo yaleyale bila kuyaandika hakumsaidia mtu yeyote katika kesi ile.

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria haiwasahau kabisa wasioandika: kwa sheria ya Tanzania, matumizi ya hadharani ndani ya nchi nayo huondoa sifa ya upya. Lakini matumizi hayo lazima yathibitishwe, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayepinga, baada ya hataza kutoka, mbele ya mahakama, kwa mashahidi wanaokumbuka mwaka gani walianza kufanya nini. Linganisha na boraksi. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, walitumia boraksi kwa miongo mitatu kuyeyusha makinikia ya dhahabu bila zebaki. Njia hiyo ilipojaribiwa Tanzania, wanajiolojia waliochapisha kupitia taasisi ya jiolojia ya Denmark waliandika hatua zake mwaka 2010. Tangu siku hiyo, yeyote atakayeomba hataza ya njia ileile atakuta karatasi hiyo mbele yake, hata kama mchunguzi hajui Benguet iko bara gani.

Anayenipinga atasema: nani atamburuza mwenye vati wa Mkwajuni mahakamani kwa kosa la hataza? Kweli, sidhani kama atatokea. Lakini mwenye vati hanunui hataza. Hununua kaboni, dawa, mtambo na huduma ya elusheni, na bei ya hivyo vyote hubeba mrabaha wa yeyote anayemiliki njia. Atazame pia barabara inayoingia Tunduma kutoka Nakonde. Malori ya shaba yanayopita hapo kwenda bandari ya Dar es Salaam hubeba vipande vya shaba safi ambavyo vingi hutolewa kwa kuiyeyusha shaba kwenye asidi, kuivuna kwa dawa inayoichagua, kisha kuinasa kwa umeme. Dawa za aina hiyo, LIX, zilitengenezwa na kampuni ya Marekani ya General Mills, zikaanza kazi ya kibiashara Arizona mwaka 1968, na mwaka 1974 zikawa nguzo ya mtambo mkubwa wa Nchanga, Chingola, nchini Zambia, uliojengwa kuchenjua upya mabaki ya mgodi. Marudio ya shaba, kwa lugha ya Songwe. Hataza za mwanzo za dawa hizo zimeshakwisha muda wake, maandishi yake yako wazi, na leo kuna watengenezaji zaidi ya mmoja. Hivyo ndivyo hataza iliyochunguzwa vizuri inavyotakiwa kuisha. Ile isiyochunguzwa vizuri hufunga mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Na mlango unaofuata uko mkoani humohumo. Kilima cha Ngualla, wilaya ya Songwe, kina hazina ya takriban tani milioni 18.5 za mawe yenye oksidi za metali adimu kwa karibu asilimia 4.8, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023. Neodimiamu na praseodimiamu za humo ndizo zinazotakiwa kwa sumaku za magari ya umeme. Madini yake, bastnasaiti, yamechangamana na baraiti na chuma, na njia ya kuyatenganisha ni suala la namba tupu: joto, ukali wa asidi, dawa za kuelea. Ni eneo ambalo madai ya hataza hurundikana. Wataalamu wa Tanzania watakaofanya majaribio kwenye mawe yale wana chaguo la kuchapisha namba zao mapema au kuja kuzikuta ndani ya dai la mwingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuandika ni kugawa bure. Mwenye vati aliyepata mchanganyiko mzuri wa chokaa ana sababu ya kufunga mdomo, na siri ni haki yake. Lakini kilichokwisha kufanywa mbele ya vibarua na majirani si siri tena, na mtu yeyote mwaminifu hawezi kukiwekea hataza, hata yeye mwenyewe. Kilicho kipya kweli kina njia yake: ombi kwanza, maelezo baadaye. Sheria yetu ina hata cheti cha ubunifu mdogo, ambacho hakidai hatua kubwa ya uvumbuzi, na hicho huwafaa mafundi wa karasha na mitambo. Pia yapo matatizo makubwa yanayosubiri wavumbuzi. Marudio ya Songwe yana zebaki iliyobaki. Sayanaidi ikikutana nayo huiyeyusha pamoja na dhahabu na kuipeleka kwenye maji, kwenye kaboni, na hatimaye hewani kaboni inapochomwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki, mwaka 2020, na njia rahisi ya kuitoa zebaki kabla ya vati ingestahili hataza mara kumi.

Wapo pia watakaohofu kwamba kuandika njia za vati ni kuzihalalisha. Hapa kuna jambo linalopotosha wengi: hataza si kibali cha kufanya kazi. Mchunguzi hapimi moshi wala maji machafu. Kiwanda cha kurejeleza betri kilichowadhuru kwa risasi wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kisingekuwa salama zaidi kwa kuwa na hataza wala hatari zaidi kwa kuikosa. Hiyo ni kazi ya mamlaka za mazingira, kwetu NEMC, na maandishi yanayotaja kiasi cha zebaki na sayanaidi yatawasaidia wao kabla ya kumsaidia mtu mwingine.

Kinachotakiwa si kitabu kikubwa. Ofisi ya madini ya mkoa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wenye vati wachache walio tayari wanaweza kutoa ripoti fupi kwa kila aina ya marudio: yametoka jiwe gani, chokaa kilo ngapi kwa tani, ukali wa sayanaidi, kipimo cha pH, siku za kuloweka, dhahabu iliyoingia na iliyotoka, zebaki kabla na baada. Iwe na tarehe isiyobishaniwa, iwekwe maktabani na kwenye intaneti ambako mtu yeyote anaweza kuifungua, na itajwe kwa alama ya C22B 11 ili mchunguzi aipate. Kiswahili si kikwazo, kwa kuwa upya hauangalii lugha ya waraka, na wachunguzi husoma Kijapani na Kichina kwa tafsiri ya mashine kila siku. BRELA nayo ingehitaji mtu wa kuyasoma maombi ya metali yanayotoka Harare ndani ya ile miezi sita, akiwa na ripoti hizo mezani.