Asidi Inayoshikisha Jino

Enameli, ganda la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini ugumu huo huo na utelezi wake ndio unaoifanya dawa ya kuziba ibanduke. Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtafiti wa Rochester, Marekani, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike. Akaijaribu kwenye meno, ikiwa ya asilimia 85, kwa sekunde 30. Siku hizi hutumika jeli ya takriban asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, ikaoshwa, kisha mahali hapo pakakaushwa mpaka pakafifia na kuwa peupe kama chaki. Weupe huo ni vitundu visivyoonekana kwa macho. Rezini ya kuzibia jino huingia humo ikiwa majimaji, ikagandishwa kwa mwanga, ikanasa.

Mtu aliyeonywa tangu utotoni kuhusu asidi ya soda ana haki ya kushtuka. Ila soda hulowesha meno yote, kila siku. Jeli hugusa doa moja, mara moja, ikaondoa takriban mikromita 10 katika ganda ambalo kwenye gego hufikia milimita 2. Palipobaki bila kuzibwa, mate hurudishia madini. Mate hayo hayo yakigusa vitundu kabla ya rezini, kazi hurudiwa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye hatari hasa.

Pingamizi zito zaidi linahusu muda. Nchini Tanzania, mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Mara ina visima vyenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ilhali maji ya Ziwa Viktoria yana kidogo. Mtoto anayeinywa kwa wingi meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa, ambayo ngozi yake ya juu huikaidi asidi. Muda wa kawaida huenda usitoshe. Kuurefusha ovyo nako hudhoofisha enameli, kwa hiyo katika madoa makali ni afadhali kuikwangua kidogo ngozi hiyo kwanza. Anwani ya mgonjwa haitoshi: anayeishi Kigongo, mkoani Mwanza, leo, ziwa likiwa mlangoni, huenda alikulia penye maji ya kisima, na tangu daraja la kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, lifunguliwe Juni 2025 kuvuka ni dakika chache tu. Aulizwe alikunywa maji gani kabla ya miaka minane; na jino likikaushwa bado linang'aa, asidi haijashika.