Kukata ukingo wa chini wa tundu: rudi katikati kabla ya kupanda

Mpwa wangu anaishi Raila, kule Kibera, na alfajiri hufuata njia ya reli kwenda Eneo la Viwanda. Amepata kibarua kwenye karakana yenye mashine za CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta. Juzi alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nimevunja kikatio." Bei yake inazidi ujira wake wa wiki nzima. Kwa kuwa vijana wetu wengi huku Pwani wanasomea ufundi huu, nimeona tueleze kilichomponza.

Ukitoboa chuma, ukingo wa tundu hubaki mkali pande zote mbili, na upande keekee inakotokea ndio huwa na miba zaidi. Miba hiyo hukata vidole, huchana mpira wa kuzuia mafuta, na huzuia vipande viwili visikae sawasawa. Ndiyo maana fundi hukata ukingo kwa mshazari, aghalabu wa nyuzi 45. Upande wa juu ni rahisi. Upande wa chini, wengi hugeuza chuma na kukifunga upya kwenye jiriwa, au humalizia kwa tupa. Kugeuza kunakula muda, na kila ukifunga upya kipimo kinaweza kuhama.

Ipo njia nyingine: kikatio chenye shingo nyembamba na kichwa kipana, mfano wa rungu lililoelekezwa chini. Kinapita ndani ya tundu, kinatokea upande wa pili, kisha kinakata kwa mgongo wa kichwa chake.

Tuchukue bamba la unene wa mm 20, lenye tundu la kipenyo cha mm 12, na tunataka mshazari wa mm 0.5. Kichwa cha kikatio ni mm 10, shingo mm 6. Programu ifuate hatua hizi:

1. Kikatio kisimame juu ya katikati ya tundu.
2. Kishuke wima mpaka sehemu pana ya kichwa ifike mm 21 chini ya uso wa juu, yaani mm 1 nje ya bamba.
3. Kisogee pembeni mm 2.5, polepole.
4. Kizunguke duara kamili, kinyume cha saa ukitazama kutoka juu.
5. Kirudi katikati.
6. Ndipo kipande.

Kwa nini mm 2.5? Nusu ya shingo ni mm 3. Ukijumlisha unapata 5.5, na nusu ya tundu ni mm 6. Imebaki nafasi ya mm 0.5 tu. Ukisogeza mm 3, shingo inagusa ukuta. Kwa hiyo ukitaka mshazari mkubwa zaidi, usiongeze msogeo. Pandisha kikatio kidogo kidogo.

Mpwa wangu aliiacha hatua ya tano. Programu nyingi huchukulia kuwa kikatio kikimaliza kazi, juu yake ni hewa tupu. Kwa kazi ya kawaida ni kweli. Hapa juu ya kichwa kuna bamba la chuma, na mashine ilipokiinua moja kwa moja, shingo ilikatika.

Basi kabla ya kubonyeza kitufe, kagua mahali pa kuingilia na kutokea: pote pawe katikati ya tundu. Hakikisha shingo ni ndefu kuliko mm 21, na chini ya bamba pana nafasi, kichwa kisigonge jiriwa. Kisha endesha programu yote hewani, juu kabisa ya bamba, ukitazama kila hatua.

Mashine hizi si ngeni nchini. Numerical Machining Complex iliundwa Nairobi mwaka 1994 kutokana na mradi wa gari la Nyayo Pioneer. Huku kwetu, walimu wa karakana wawape wanafunzi zoezi hili kwenye kipande cha plastiki kwanza. Kosa la darasani ni nafuu kuliko la kazini, hasa kwa kijana aliye kwenye kibarua.