Somo la Viungo ni Akiba ya Maisha

Kama umepata kufika Busia, mji ule ulioketi juu ya mpaka, nusu Uganda na nusu Kenya, bila shaka umeitwa na vijana wa bodaboda kabla hujaweka mguu chini. Jina hilo lilizaliwa huko huko mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwapakia wasafiri na mizigo yao, wakiwavusha kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Wito wao wa Kiingereza, wenye maana ya mpaka hadi mpaka, ndio uliogeuka kuwa "bodaboda". Mwendeshaji wa siku hizo alikanyaga pedali tangu asubuhi hadi jioni. Hakufundishwa na mtu namna ya kuulinda moyo wake. Kazi yenyewe ilimlindia.

Leo pikipiki imechukua mahali pa baiskeli. Abiria anafika upesi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mwendeshaji sasa anakaa kitako siku nzima, kama akaavyo dereva wa lori anayengoja zamu yake Malaba, karani wa forodha mezani pake, na askari wa zamu ofisini. Kazi iliyokuwa ikiutunza mwili imeondoka, na wengi wetu hatujaweka kitu mahali pake. Ndiyo sababu makala haya yanalitetea somo moja linalodharauliwa mno katika shule za sekondari, yaani elimu ya viungo.

Madhara ya kukaa yamejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1953, Daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, waliokaa kwenye usukani kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Watu hao walifanya kazi ndani ya gari moja, lakini mioyo yao haikuwa na hali moja.

Wazazi wengi wakisikia habari za elimu ya viungo huwaza medali. Na medali tunazo. John Akii-Bua, askari wa Polisi ya Uganda, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, akiweka rekodi mpya ya dunia. Joshua Cheptegei, naye askari wa polisi, alitwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Ni fahari yetu sote. Hata hivyo, katika darasa la wanafunzi hamsini, huenda asitokee bingwa hata mmoja. Mwalimu akiwatazama wenye mbio peke yao, waliobaki watajifunza jambo moja tu: kwamba miili yao haifai. Watakaa chini ya mwembe wakipiga makofi, na wakimaliza shule hawatakimbia tena.

Somo la viungo lililo bora humfundisha kila mwanafunzi kuujua mwili wake. Hujifunza kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, kupasha viungo moto kabla ya kukimbia, kuimarisha misuli bila vyombo vya gharama, kulala vya kutosha, na kujihadhari na pombe na tumbaku. Hushindana na nafsi yake ya mwezi uliopita, wala si na jirani yake. Zaidi ya yote, huchagua zoezi moja alipendalo, awe ni wa kuogelea, wa baiskeli, wa netiboli au wa ngoma za kwao, ambalo ataweza kuendelea nalo hata atakapokuwa na miaka sitini.

Askari na jamaa zao wanalielewa jambo hili kuliko wengine. Kuruta hutoka chuoni akiwa mkakamavu, kifua mbele. Akipewa kazi ya mezani, baada ya miaka kumi mshipi unatafuta tundu jingine. Nini kimempata? Alizoea kuitii filimbi ya mkufunzi, na filimbi iliponyamaza naye akanyamaza. Kazi ya shule ni kuipanda filimbi hiyo ndani ya nafsi ya kijana mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

Serikali zetu zimelitambua jambo hili. Katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020, elimu ya viungo ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, sambamba na Kiswahili chetu. Kenya nayo imeiweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa moja ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Lakini ratiba ya ukutani ni jambo moja na uwanja ni jambo jingine. Mtihani ukikaribia, kipindi cha viungo ndicho cha kwanza kuporwa, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaoshangilia. Shirika la Afya Duniani lashauri kijana apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mwaka 2019 lilitangaza kwamba zaidi ya vijana wanne katika kila watano duniani hawakifikii kipimo hicho.

Binti asisahauliwe. Yule abebaye maji na kuni hakosi kazi ya mwili; anachokosa ni mafunzo na furaha ya kucheza. Apewe mavazi ya heshima ya michezo na mahitaji yake ya kila mwezi, wala asifanywe mtazamaji wa kaka zake.

Nyumbani nako tuanze. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na mazoezi ya misuli mara mbili. Kipimo chepesi ni hiki: utembee kwa kasi ambayo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Juu ya mji wa Tororo umesimama ule mwamba maarufu, na kijana wa miaka kumi na sita huupanda akicheka. Sisi tunaomlea tujiulize kama ataweza kuupanda akiwa na miaka hamsini na mitano, amemshika mjukuu mkono. Jibu linaandaliwa leo, katika kile kipindi kimoja tunachokiona cha kupoteza wakati. Muhula ujao, mzazi, ukifika shuleni kuuliza alama za hesabu, uliza pia: mwanangu amekwenda uwanjani mara ngapi?