Kimeng'enya kimoja, maradhi mawili

Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliandika kuhusu mvulana wa miaka minane ambaye kila akipona maambukizi haya alipatwa na mengine. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba gama globulini, yaani kundi la protini lenye kingamwili, haimo kabisa. Bruton akawa anamdunga gama globulini ya watu wengine kila mwezi, na mtoto akapata nafuu.

Chanzo kilifahamika mwaka 1993: hitilafu katika jeni iliyo kwenye kromosomu X, ile inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho BTK, herufi B ni ya Bruton mwenyewe. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, ndiyo maana karibu wagonjwa wote ni wavulana, ilhali mama huibeba hitilafu bila kuugua.

Seli B ndizo chanzo cha kingamwili, na juu ya utando wake zina vipokezi. Kijidudu kikinasa hapo, habari hupokezwa ndani mithili ya kijiti cha mbio: kimeng'enya huamsha kingine, zamu ya BTK hufika, mpaka kiini cha seli kipate amri ya kuishi na kugawanyika. BTK ikikosekana, seli B changa hukwama kwenye uboho na hazikomai.

Sasa tugeuze upande. Katika baadhi ya saratani za damu, mojawapo ikiwa leukemia sugu ya limfosaiti (kundi la seli zikiwemo seli B), amri hiyo haikatiki hata pasipo kijidudu. Dawa ya ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hujifunga kwenye BTK na kuizima. Matokeo ya mwanzo huweza kumtisha mgonjwa: mitoki hunywea, lakini limfosaiti kwenye damu huongezeka. Mara nyingi si dalili mbaya, kwani seli zimetolewa tu kwenye mitoki zilikokuwa zikistawi. La kuangaliwa zaidi ni moyo kudunda ovyo, kutokwa damu na, bila shaka, maambukizi.

Saratani nayo hujibu. Ibrutinib hushikilia sehemu moja ya BTK, asidi amino ya sisteini iliyo nafasi ya 481. Sisteini hiyo ikibadilika, dawa hukosa pa kushika vizuri. Pirtobrutinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huizima BTK bila kuihitaji sisteini hiyo, ingawa tayari yamegunduliwa mabadiliko mengine ya BTK yanayoikwepa hata dawa hii.