Pini Ndogo, Roho za Watu



Kila siku magari ya abiria hupakia Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960. Ndani wamo vibarua, wachuuzi na akina mama wenye watoto. Roho zao zimo mikononi mwa dereva. Lakini mikono ya dereva haifai kitu ikiwa tairodi zimekwisha.

Asubuhi moja tulikaa katika gereji ya Mbarara tukimtazama fundi, ndugu yetu kutoka Kongo, akibadilisha vichwa vya tairodi. Mashimo ya njia yalikuwa yamevila. Usukani ulicheza, na tairi za mbele zililika upande mmoja.

Kwanza aliinua gari kwa jeki, kisha akaweka stendi chini yake, kwani jeki peke yake haiaminiki. Alipofungua kichwa cha zamani alihesabu mizunguko, ili kipya akiingize kwa mizunguko ile ile. Akakaza nati yenye meno. Tundu la pini halikulingana na meno. Hakuilegeza nati, aliikaza kidogo zaidi mpaka likalingana. Kisha akataka kota pini mpya.

Hapo mzozo ukaanza. Mwenye gari alisema, "Mzee, rudishia ile ya zamani, abiria wananingoja."

Fundi akajibu, "Bosi, pini iliyokwisha kukunjwa hukatika. Ikikatika, nati hulegea, na usukani hauna kazi tena."

Mwenye gari alitishia kumnyima ujira. Fundi akaweka spana chini. Wenzake wote wakaweka zao. Baada ya nusu saa pini mpya ililetwa, kisha gari likapelekwa kupimwa ili magurudumu yaelekee sawa.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Dereva anayekataa gari bovu anadai jambo hilo hilo. Lakini karatasi haishiki spana. Akikataa mmoja, hufukuzwa. Wakikataa wote, husikilizwa.

Nawe unayepakiwa alfajiri kwenda shambani au kiwandani, uliza leo: usukani wa gari letu ulikaguliwa lini? Mkiuliza wote, jibu litapatikana.